Niandikie Nikiwa na Masikio

Karatasi iliyotoka kwenye mashine sasa hivi ina harufu yake. Inanukia kama nguo iliyopigwa pasi na, kwa mbali, kama nywele zilizoungua. Juzi nilikuwa kwenye saiba moja mjini, duka la kompyuta na intaneti, nikingoja kuchapisha barua ya kuomba kazi, barua ambayo nilikuwa nimeisoma na kuisoma hadi maneno yake yakaanza kuonekana kama ya lugha nyingine. Mbele yangu kulikuwa na familia iliyokuja kuchapisha programu za mazishi. Picha ya mama aliyejifunga kitambaa cha kanisani ilikuwa inatoka, inatoka, inatoka, na kijana wa mashine alikuwa anazipanga bila kuzitazama. Nilichukua moja ikiwa bado ya moto nikafungua ndani. "Alikuwa mcheshi, mcha Mungu na mpenda watu." Nikasoma hadi mwisho, nikaifunga. Sikuwa nimemjua yule mama, na baada ya kusoma wasifu wake wote bado sikumjua.

Nilirudi nyumbani nikilifikiria hilo kuliko ilivyonipasa, kama kawaida yangu. Mimi ni mmoja wa wale waliomaliza chuo na hawana hakika wamemaliza nini. Ninaiandikia tovuti moja makala ya mambo ya familia. Mhariri wangu ni mtu mpole, na upole wake unanitia hofu kuliko ukali. Makala yangu ya mwisho aliirudisha na sentensi mbili: "Lugha ni safi. Lakini unaongea na nani?" Nilijibu, "Na wasomaji." Akanitumia kile kikaragosi cha kutabasamu, nami nikakaa na kile kikaragosi wiki nzima nikijiuliza kilimaanisha nini.

Sisi wa rika hili tulifundishwa insha kwa namna moja. Jua lazima lichomoze, majogoo lazima wawike, na methali lazima iwekwe kabla ya ukurasa kugeuzwa. Tulipata alama nzuri. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyeniuliza ninaongea na nani. Swali hilo nililisikia kabla ya kujua kwamba ni swali, nyumbani kwetu katika mtaa wa Langas, pale mezani kwa baba.

Baba alikuwa karani kwenye ghala la mahindi, na mtaani wote walimwita Karani, hata wale ambao hawakujua ni karani wa nini. Kwa kuwa aliandika vizuri, watu walimjia jioni awaandikie wasifu wa marehemu wao, ule unaosomwa siku ya mazishi. Alikuwa na ubao mdogo wa kuwekea karatasi mapajani, na kalamu ya wino wa bluu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiazima. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na sisi watoto tulitakiwa kuwa upande wa pili wa pazia wageni wakija. Lakini pazia si ukuta. Nilikaa na kikombe changu cha chai nikisikiliza.

Jioni moja alikuja Mama Wanjiru, mwenye duka la pale kona. Duka lilikuwa lake na mumewe, Mzee Kimani, mzee mrefu aliyeuza kila kitu kuanzia mafuta ya taa hadi mkate wa nusu. Mama Wanjiru alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakunja mikono.

"Karani, wewe andika tu alikuwa mtu mzuri," akasema.

"Kila mtu ninayeletewa hapa ni mtu mzuri," Baba akamjibu. "Mpaka nashangaa wale wabaya huzikwa wapi."

Mama Wanjiru alicheka kwa ghafla, kisha akashika mdomo kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe.

"Niambie hivi," Baba akaendelea. "Akifunga duka jioni, anafanya nini?"

"Anafunga tu."

"Anafunga vipi?"

Akakunjua mikono. "Anagonga meza ya duka na kifundo cha kidole," akasema. "Hivi. Halafu anaiambia, 'Lala, tumeshinda.'"

"Anaiambia meza?"

"Meza, ndiyo. Mimi hata kwaheri haniambii. Meza anaiaga."

Baba akaandika. Baadaye akamsomea alichoandika, na hapo ndipo niliposikia jambo lililonishangaza kila mara alipofanya kazi ile. Watu wakimwambia "sawa", alikunja uso na kuandika upya. Wakibishana naye, alifurahi. Mama Wanjiru alisema, "Ah, Karani, hapo umedanganya, hakuwa mpole hata kidogo, alikuwa anarusha mizani!" na nikamwona Baba kupitia tundu la pazia akitabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. Akafuta neno "mpole" na kuuliza mizani ilirushwa wapi.

Jumamosi tulipanda lori na majirani kwenda Soy, kwenye shamba la Mzee Kimani, na huko kulikuwa na hema na shimo.

Ngoja nieleze jinsi jambo hili lilivyonipata kichwani, maana nimelichunguza miaka mingi na bado naona lilikuwa na mantiki. Watoto hatukuwa tunaambiwa mtu akifa. Watu wazima walipunguza sauti, sufuria kubwa zikaazimwa, na ghafla unavishwa viatu vya Jumapili. Mimi niliyoyaona ni haya: mtu anakuja kumzungumzia mumewe kama mtu anayefunga duka kila jioni. Baba anauliza, anaandika, anaweka nukta ya mwisho. Halafu Jumamosi mtu yule anazikwa. Kabla ya Mzee Kimani ilikuwa hivyo kwa fundi wa viatu. Kabla ya fundi, kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili. Haikutokea hata mara moja kwamba Baba aliandika na mtu akabaki.

Kwa hiyo nilielewa. Mtu anaisha akiandikwa akaisha.

Sikumwona Baba kuwa mbaya. Nilidhani ni kazi kama kazi nyingine, kama ya mpima mahindi. Niliona hata ni heshima, maana kule Soy niliona kilichotokea. Kabla ya wasifu watu walikuwa wanajipepea kwa programu, wanaume wanazungumzia bei ya mbolea, akina mama wananyonyesha. Emsii, yule mwenye kipaza sauti, alipoanza kusoma hawakunyamaza. Alipofika kwenye meza ya duka na "Lala, tumeshinda," vichwa vikainuka. Mzee mmoja mwenye gambuti za mpira miguuni akacheka na machozi yakamtoka wakati uleule. Kisha akainama, akagonga kiti kilichokuwa mbele yake kwa kifundo cha kidole. Mwingine akagonga. Hema lote likagonga. Nilijiuliza: Baba alijuaje kwamba hapo ndipo watagonga? Udadisi huo haujanitoka. Nikiandika sentensi leo naiangalia nikijiuliza kama kuna mtu atainua kichwa, na kwa kuiangalia sana naiua.

Muda mfupi baada ya hapo, Kukhu alimwomba Baba amwandikie.

Kukhu ni nyanya yetu, mama wa baba, na tulimwita hivyo kwa sababu kwetu Bungoma ndivyo nyanya anavyoitwa. Alikuwa anaishi nasi. Alilala upande wetu wa pazia na alikuwa na banda la kuku nyuma ya nyumba, na kuku hao aliwasemesha kuliko alivyotusemesha sisi. Siku hizo alikuwa amerudi kutoka kumzika dada yake na hakuwa na raha.

"Wamemsomea dada yangu karatasi ya mtu mwingine," alisema, akivua viatu mlangoni. "'Alikuwa mcheshi.' Dada yangu! Mcheshi! Alikuwa mkali kama pilipili na ndiyo sababu tulimpenda. Nilitaka kusimama niulize, jamani, huyu tunayemzika leo ni wa nani?"

"Siku hizi wanabadilisha majina tu kwenye kompyuta," Baba akasema.

"Basi mimi hawatanibadilisha jina. Wafula, mwanangu, niandikie wangu nikiwa na masikio."

Mama, aliyekuwa anapakua ugali, aliweka mwiko chini. "Mama, usiseme hivyo. Huo ni uchuro."

"Uchuro ni kuzikwa na sifa za jirani."

"Mama," Baba akasema, "mimi siandiki mtu aliye hai."

"Mbona? Wino unakataa?"

Nilikuwa nimeshika tonge na sikuweza kulipeleka mdomoni. Nilimwangalia Mama, ambaye kwa kawaida alishinda mabishano ya nyumba ile, na nikaona anaogopa. Kama mtu mzima aliogopa, basi nililokuwa nalifikiri lilikuwa kweli. Baba alikataa siku ile, na siku iliyofuata, lakini Kukhu hakuwa mtu wa kukataliwa. Kisha siku moja wakaongea wawili nje karibu na banda, kwa sauti ya chini, na Baba aliporudi ndani alichukua ubao wake bila kusema neno.

Aliandika kwa jioni kadhaa. Alipomaliza akamsomea Kukhu, nami nikiwa nyuma ya pazia nimeshika ncha ya blanketi. Ilikuwa mbaya. Hata mimi, niliyekuwa bado nasoma kwa kidole, nilijua ni mbaya. Alizaliwa. Aliolewa. Alibarikiwa na watoto. Alikuwa mkulima hodari na nguzo ya familia.

Kukhu alisikiliza hadi mwisho. "Huyo mama ni mtu wa wapi?" akauliza.

"Si ni wewe."

"Simjui. Hata nimesinzia kidogo hapo kwa nguzo."

Baba alikasirika, na sijui kama alikuwa amekasirishwa na Kukhu au na karatasi. Watu wa nje aliweza kuwaona. Mama yake alishindwa. Niliwahi kulifikiria hili sana nilipokuwa chuoni, na nadhani ilikuwa hivi: hakuwa na swali la kumuuliza. Alidhani anajua.

Lakini usiku ule mimi niliona jambo moja tu. Kukhu alikataa, Baba akairarua ile karatasi, na asubuhi Kukhu aliamka. Alikuwa nje akiwatukana kuku kama kawaida. Wasifu haukuisha na yeye hakuisha.

Hapo ndipo nilipopata kazi yangu ya kwanza ya uandishi, ingawa sikujua. Nilitakiwa kuhakikisha wasifu wa Kukhu hauishi. Na njia ilikuwa rahisi: kila Baba akikaribia mwisho, nilete kitu ambacho hakimo.

"Kukhu, hiki kidonda kilichopona hapa mkononi ni cha nini?"

"Cha chungu cha pombe ya busaa. Toka hapa, unanizibia mwanga."

Nilikimbia hadi kwa Baba. "Hujaandika chungu!"

"Chungu gani?"

Sikujua chungu gani. Nikarudi mbio. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba jibu moja halitoshi, kwamba lazima uulize nani alikuwepo, na chungu kilianguka upande gani, na baada ya hapo mtu alisema nini. Niliuliza Kukhu akichambua maharagwe, akisuka nywele zangu, akiwa kanisani wakati wa sadaka. Nilimuuliza alimwogopa nani alipokuwa msichana. Akasema jogoo wa mama mkwe wake. Nilidhani ananitania, lakini akanionyesha jinsi jogoo yule alivyokuwa anamngoja nyuma ya ghala, shingo mbele, mbawa chini, na jinsi yeye alivyokuwa anapita na ungo kama ngao, bibi harusi mpya, huku mama mkwe anacheka hadi anakaa chini.

"Huyu mtoto amekuwa polisi," Mama alilalamika. "Hata kwenda choo mtu anahojiwa."

Siku moja nilimuuliza kama aliwahi kukimbia mbio, kwa sababu darasani tulikuwa tumeambiwa kwamba watu wa huku kwetu ndio wanaokimbia kuliko watu wote duniani.

"Mimi nimeshindana na wanawake wa Kaptagat, kwa wakimbiaji wenyewe," akasema.

"Ukashinda?"

"Nilikuwa wa mwisho." Akaweka chini ungo. "Kulikuwa na baraza, chifu akasema akina mama wakimbie kuzunguka uwanja. Babu yako alikuwa kibarua kwenye shamba la ngano pale karibu. Wale wanawake walienda kama upepo, mama. Mimi nusu ya njia leso niliyojifunga kiunoni ikaanza kufunguka. Nikaishika na mkono mmoja. Nikaanza kucheka. Ukicheka huwezi kukimbia, jaribu uone. Nilifika watu wameshaanza kupewa soda."

"Wakakucheka?"

"Walicheka na mimi wa kwanza. Chifu akanipa kipande cha sabuni. Alisema hajawahi kuona mtu akishindwa kwa furaha namna hiyo."

Nilipomwambia Baba, aliinua kichwa kutoka kwenye ubao. Niliujua uso ule. Ulikuwa uso wa watu wa Soy pale kwenye hema. "Alicheka?" akauliza. "Mama alicheka mbele ya chifu?" Akaandika bila kungoja jibu, na tangu siku hiyo akaanza kunitafuta jioni. "Leo umeleta nini?" ananiuliza akivua koti. Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilijiona pia mjanja, kwa sababu karatasi zilikuwa zinaongezeka na Kukhu alikuwa hai.

Swali moja niliuliza bila kujua uzito wake. Tulikuwa bandani na alikuwa anatafuta mayai.

"Kukhu, mara ya mwisho kulia ulilia lini?"

Alitoa yai kwenye majani, akaniwekea mkononi. Kisha akasema, "Siku baba yako alipoondoka nyumbani kuja huku mjini kutafuta kazi. Nilijificha nyuma ya ghala letu la mahindi ili asinione. Kama angegeuka akaniona, asingeenda."

Nilimpelekea Baba kama nilivyompelekea yale mengine, kwa mbio, na yai mkononi. Hakuandika. Aliniuliza nirudie. Nikarudia. Aliweka kalamu juu ya ubao na kutazama mlango.

"Mimi nilijua alikuwa amekasirika," akasema, na hakuwa ananiambia mimi. "Miaka yote hii nimejua kwamba hakutaka hata kuniaga."

Jumapili moja, baada ya kanisa, Kukhu alisema inatosha, usomwe. Alivaa gauni lake la bluu. Alikuwa amemwalika Mama Wanjiru na majirani wengine wachache, na Mama, ambaye bado hakupenda jambo lile, alipika chai nyingi kana kwamba chai ingelifunika. Tulikaa nje, mbele ya nyumba. Kukhu alichukua kiti cha katikati.

"Soma, Karani," Mama Wanjiru akasema. "Leo tunazika mtu na yeye mwenyewe anakunywa chai. Nimeishi nikaona."

"Wewe subiri zamu yako," Kukhu akamjibu.

Baba akasoma. Kwenye jogoo walicheka, na Kukhu akasahihisha, "Si jogoo mwekundu, alikuwa na madoa." Kwenye leso Mama Wanjiru alijimwagia chai. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka, na sikucheka. Nilikuwa nazitazama karatasi. Zilikuwa zinapungua mkononi mwa Baba, moja baada ya nyingine, na sikuwa na kitu kipya. Nilijitahidi kufikiria swali na kichwa kilikuwa kitupu.

Baba akafika kwenye ghala la mahindi. Alisoma "Alijificha", akakohoa. Akajaribu tena, sauti ikakataa. Kukhu alikuwa anaangalia mikono yake. Kisha Baba akainama, akanipa karatasi iliyobaki. "Malizia wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyeileta."

Nilisoma yale ya ghala kwa kidole, neno kwa neno, hadi ikabaki sentensi moja. Nikaiona nukta yake. Nikafunga mdomo.

"Soma, mama," Kukhu akaniambia.

"Sitaki."

"Kuna neno gumu?"

"Hakuna."

"Basi soma, watu wanangoja."

"Nikimaliza utakufa."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Mama alisema "Mnaona?" kwa sauti ya kilio. Kukhu hakucheka. Aliinuka, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, na karatasi nikiwa nayo.

"Nani alikuambia hivyo?"

Nilimweleza yote. Mzee Kimani, fundi wa viatu, mwalimu wa Shule ya Jumapili. Nilimweleza nilivyokuwa nauliza ili asiishe. Alisikiliza kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa, kichwa upande, bila kunikatiza.

"Mzee Kimani alikuwa ameshakufa, mama," akasema. "Mama Wanjiru alikuja kwa baba yako mumewe akiwa ameshakufa siku nyingi. Huwa wanakuja wakiwa wameshapoteza. Hakuna anayekuja kabla."

"Wewe umekuja kabla."

Kuku mmoja alikuja kudonoa kiatu chake na hakumfukuza.

"Ndiyo," akasema. "Mimi nimekuja kabla. Keshokutwa naenda hospitali kubwa, watanipasua tumbo. Baba yako anajua. Mama yako anajua. Mimi ndiye niliyesema usiambiwe."

"Utarudi?"

Nilizoea watu wazima. Nilijua wanavyojibu swali kama hilo, haraka, na kukupapasa kichwa.

"Sijui," Kukhu akasema.

Nimeandika na kufuta aya nyingi kuhusu neno lile na nimeamua kuliacha. Alisema hajui, na nikamwamini kila kitu kingine. Nikainua karatasi, nikamsomea yeye peke yake sentensi iliyobaki: "Na mpaka leo hapendi mtu aingie jikoni kwake bila kubisha." Akafikiri. "Kweli kabisa," akasema. Tukasimama pale tukingoja, wote wawili nadhani, kuona kama kuna kitu kitatokea. Hakuna kilichotokea. Chai ilikuwa inapoa mbele na Mama Wanjiru alikuwa anaita.

Wakati Kukhu yupo hospitali sikuenda kumwona, watoto hawakuruhusiwa wodini. Baba alienda kila jioni akitoka ghalani, na akirudi alisema tu, "Amelala," au "Amekunywa uji." Nilimuuliza uji wa nini, nani alimnywesha, alisema nini baada ya kunywa. Mwanzoni hakuwa na majibu. Baadaye akaanza kurudi nayo.

Siku aliyorudi Kukhu nilikuwa mlangoni. Alishuka kwenye gari la jirani polepole, amekonda, mkono mmoja tumboni, mwingine begani kwa Mama. Watu walitaka kumlaza. Akakataa. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, akapumua, akatazama huku na huku hadi akaniona.

"Wewe, njoo ukae hapa," akasema. "Huko wodini kitanda cha pili kulikuwa na mwanamke wa ajabu. Ngoja nikuambie."

Baba tayari alikuwa ameufikia ubao wake. Alikuwa ameshafungua kalamu.

"Wafula, weka hiyo kalamu chini," Kukhu akasema. "Hii si ya kuandikwa. Hii ni ya huyu."